Simu Ikizima Leo Utaanzia Wapi? Mwongozo Kamili wa Kubekapu Data Kwenye Wingu na Kuzirudisha

Dada yangu alidondosha simu kwenye ndoo ya maji, ikazima palepale na haikuwaka tena. Hakushtuka sana maana kila kitu kilikuwa kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, picha za wanae tangu wanazaliwa, mafaili ya kazi, namba za watu, vyote. Tukachukua simu mpya, akaandika imeili, akaandika paswedi, ikakubali, afu kikaja kioo chenye visanduku sita: weka namba kutoka kwenye apu yako ya otentiketa, ile inayotoa namba za kuthibitisha kuwa ni wewe. Apu yenyewe ilikuwa ndani ya simu iliyokufa. Tukabonyeza sehemu ya kujaribu njia nyingine, ikasema itatuma ujumbe kwenye imeili ya akiba, na imeili ya akiba ni ya zamani hajaifungua miaka mingi, paswedi yake kaisahau, na ukitaka kuirudisha hiyo inaomba uthibitishe kupitia imeili ileile ya kwanza iliyotufungia mlango. Tulizunguka hapo mpaka usiku. Akaunti ilirudi baada ya siku 11, na picha zote zilikuwepo, hakuna hata moja iliyopotea, ila kwa hizo siku 11 ilikuwa kama hazipo.

Ndo maana mwongozo huu nauanzia mwisho. Wengi wakielekeza mambo ya bekapu wanaanza na kupakia, sijui bonyeza hapa, washa pale, afu kurudisha kunawekwa mstari mmoja mwishoni. Mi nataka ujione umeshika simu mpya tupu au laptopu ya kuazima, ya zamani haipo, imeibiwa au imeungua, na mkononi una kichwa chako na karatasi labda. Tunatoka hapo kurudi nyuma.

Hatua ya 1: Andika una nini na kiko wapi

Chukua karatasi kabisa. Andika kila huduma unayotumia ambayo imeshika kitu chako: imeili, picha, chati za WhatsApp, namba za watu, mafaili ya kazi, apu ya kutunza paswedi, tovuti kama unayo, channeli, duka la mtandaoni, chochote. Mbele ya kila kimoja jibu maswali mawili. La kwanza, nikipoteza kazi ya muda gani naweza kuvumilia? Kama unaandika hesabu za biashara kila siku huwezi kuvumilia kupoteza wiki nzima, kwa hiyo bekapu ya hesabu iwe ya kila siku, lakini picha za harusi ya miaka sita iliyopita hazibadiliki, ukizinakili vizuri mara moja kwenye sehemu mbili zinatosha. La pili, naweza kukaa bila hiki kitu kwa muda gani? Imeili labda masaa machache tu, picha hata mwezi. Haya maswali mawili ndo yanaamua ratiba yote na hela yote utakayotumia, na mtu asiyejiuliza mara nyingi anaishia kubekapu vitu vyote kwa uzito mmoja, akichoka anaacha vyote.

Hatua ya 2: Funguo kwanza, data baadaye

Hapa ndo nakuomba utulie, maana hapa ndo watu wengi wanakwamia.

Imeili yako kuu ndo mama wa akaunti zote, karibu kila huduma ukisahau paswedi inatuma linki huko. Kwa hiyo anza nayo. Ingia kwenye setingi za usalama, angalia imeili ya akiba ni ipi na namba ya simu ya akiba ni ipi. Ijaribu hiyo imeili ya akiba leo, ifungue, hakikisha inafunguka kwa paswedi unayoijua na haitegemei imeili kuu kujirudisha, usitengeneze mzunguko kama wa dada. Namba ya simu ukiweza weka mbili, ya pili iwe ya mtu unayemwamini ambaye hamtumii simu moja.

Afu toa namba za dharura, zile za kuingilia pale otentiketa haipo. Google wanakupa namba 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu, huduma nyingine nyingi nazo zina za kwao. Hizi watu wanapiga skrinshoti na kuiacha kwenye simu ileile, sasa simu ikienda na namba zimeenda. Ziandike kwa kalamu au ziprinti, karatasi moja ikae kwako mahali pakavu, nyingine kwa mtu wako wa karibu. Kwenye karatasi hiyo usiandike paswedi, andika namba tu na jina la huduma, hata mtu akiiokota haimsaidii sana.

Apple wana kitu wanaita mtu wa kukusaidia kurudisha akaunti, unamchagua ndugu au rafiki, ukifungiwa nje simu yake inatoa namba ya kukusaidia kuingia, na yeye hapati ruhusa ya kuona vitu vyako. Washa hiyo kama uko upande huo. Ila kama umewasha ule ulinzi wao wa juu uliotoka Desemba 2022, ambao unaenkripti (unafunga data isisomeke bila ufunguo) karibu kila kitu kwa funguo ambazo Apple wenyewe hawana, jua kwamba ukipoteza njia zako zote hakuna ofisi ya kwenda kulia. Naupenda ulinzi huo na siwezi kukwambia uuzime, nasema tu mwenye kuuwasha apange funguo zake siku hiyohiyo.

WhatsApp ni vilevile. Tangu 2021 unaweza kuenkripti bekapu ya chati kwa paswedi au ufunguo wa tarakimu 64, na ukivipoteza WhatsApp hawawezi kukufungulia. Kingine, ili chati zirudi unatakiwa uwe na namba ileile ya simu, na bekapu iliyopo iCloud hairudi kwenye Android, wala ya Android hairudi kwenye iPhone. Anayehama aina ya simu atumie ile njia ya kuhamisha moja kwa moja kutoka simu kwenda simu wakati ya zamani bado nzima.

Ukimaliza, azima simu ya mtu, fungua kivinjari kwa hali ya faragha, na ujaribu kuingia kwenye imeili yako kwa kutumia paswedi iliyo kichwani na karatasi yako tu, bila kugusa simu yako. Ukifika ndani, hatua hii umeimaliza, toka kwenye akaunti na urudishe simu ya watu.

Hatua ya 3: Elewa kusinki na kubekapu ni vitu tofauti

Kusinki maana yake ukibadilisha huku na kule kunabadilika. Ukifuta huku, kule nako kumefutika. Google Drive, Dropbox, OneDrive, iCloud Photos, zote kazi yao kubwa ni kusinki, na ni kazi nzuri sana, ila zinabeba na makosa yako kwa uaminifu uleule zinaobeba kazi yako.

Mi niliwahi kufuta folda moja kwenye laptopu nikidhani ni nakala ya ziada, ilikuwa na mikataba ya kazi ya miaka mitatu. Nimekuja kuitafuta baada ya kama miezi miwili, naingia kwenye wingu nako hamna, naingia kwenye takataka kumefagiliwa kweupe. Hapo ndo nikajifunza takataka ina tarehe. Google Drive ni siku 30, OneDrive ya mtu binafsi siku 30, Dropbox ya bure siku 30, picha zilizofutwa iCloud siku 30, Google Photos siku 60 kwa picha zilizokuwa zimeshapanda juu. Jiulize, wewe ungegundua kosa lako ndani ya siku ngapi? Mafaili tunayoyapenda sana mara nyingi hatuyafungui kila mwezi.

Kwenye Google Photos kuwa makini na hili: kuna kitufe cha kupata nafasi, hicho kinaondoa kwenye simu picha zilizokwishapakiwa na zinabaki juu, halafu kuna kufuta kwa kawaida ndani ya apu, hiyo inafuta huku na juu. Vitu viwili tofauti kabisa na vinakaa kwenye apu moja. Upande wa iCloud Photos ukifuta kwenye simu imefutika kwenye vifaa vyote, kama shida ni nafasi tumia setingi ya kubana hifadhi ya simu, usifute.

Na akaunti yenyewe ina uhai wake. Google wana sera ya kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2, na walianza kuitekeleza Desemba 2023. Kama una akaunti uliyofungua kwa ajili ya kutunzia picha za zamani tu, iingie kila baada ya miezi kadhaa, fungua hata faili moja. Apple nao bekapu ya kifaa inaondolewa siku 180 baada ya kuacha kubekapu.

Hatua ya 4: Nakala tatu, aina mbili, moja mbali

Kuna kanuni ya 3-2-1 ambayo mpigapicha Peter Krogh ndo aliyeieneza: nakala 3 za data, kwenye aina 2 za hifadhi, na 1 ikae mahali pengine kabisa. Kwa mtu anayeishi kwenye huduma za mtandaoni mi naisoma hivi: nakala ya kwanza ni ile unayoifanyia kazi kila siku, ya pili iko kwenye wingu la kampuni nyingine, ya tatu kwenye diski ya nje ambayo muda mwingi haijachomekwa popote.

Kwa nini kampuni nyingine? Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 kituo cha kampuni ya wingu ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, jengo lao moja likateketea lote, na kuna wateja ambao seva (kompyuta zinazoendesha huduma zao) na bekapu zao vilikuwa eneo hilohilo, vikaenda pamoja. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia wenye wanachama zaidi ya nusu milioni ulijikuta mfumo wake ndani ya Google Cloud umefutwa kwa makosa ya mipangilio, na walikuwa wamejipanga kwenye maeneo mawili tofauti, yote yakafutika kwa sababu yote yalikuwa chini ya usajili mmoja. Kilichowanyanyua ni nakala zilizokuwa nje ya kile kilichofutwa, zikiwemo za mtoa huduma mwingine. Na Code Spaces, kampuni iliyokuwa inatunzia watu kodi za programu, mwaka 2014 mhalifu aliingia kwenye akaunti yao ya Amazon akafuta seva na bekapu humohumo, kampuni ikafunga. Ukiviangalia vyote vitatu utaona bekapu zilikuwepo, swali likawa zimekaa chini ya paa la nani na ufunguo wa nani. Kwa hiyo wingu la pili lifungulie akaunti kwa imeili tofauti na paswedi tofauti, usiingie kwa kile kitufe cha kutumia akaunti ya kwanza, maana akaunti ya kwanza ikifungwa na hii imefungwa.

Watoa huduma wakubwa watakwambia data haipotei, na kwa upande wa diski kufa wanasema kweli. Amazon S3, hifadhi ya wingu ya Amazon, wameijenga kwa uhakika wa asilimia 99.999999999, zihesabu hizo tisa ni 11. Lakini uhakika huo unahusu vifaa vyao kuharibika, ukifuta mwenyewe au mwizi akifuta kwa paswedi yako mfumo unatii kama ulivyoamriwa.

Hatua ya 5: Sasa pakua, enkripti, pakia

Anza kwa kutoa data yako kwenye huduma ulizonazo. Google wana Takeout, unachagua unachotaka, imeili, picha, mafaili, namba za watu, wanakuandalia mafurushi ya zip ya ukubwa unaochagua, hadi GB 50, na kukutumia linki. Chagua madogo kama intaneti yako inakatakata, furushi la GB 50 likikatika katikati inaumiza sana. Na linki haidumu, ina tarehe ya mwisho, ukiipata pakua, usiseme wikiendi. Apple wana ukurasa wao wa faragha ambako unaomba nakala ya data yako vilevile. Namba za watu zitoe peke yake kama faili la vcf, ni dogo kuliko picha moja na siku ya shida ni dhahabu.

Kabla ya kupakia piga hesabu ya muda, watu wanakata tamaa hapa kwa sababu hawakuipiga. GB 100 kwa spidi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde ni masaa 44 hivi bila kupumzika. Kwa hiyo mara ya kwanza acha laptopu iko kwenye umeme, zima ile setingi ya kulala, anza na vitu vya muhimu kwenye karatasi yako, picha za mwisho zipande polepole hata wiki nzima. Baada ya hapo programu nzuri inapakia mabadiliko tu, ni dakika chache kila siku. Piga na hesabu ya kurudi pia, GB 500 kwa megabiti 20 ni masaa kama 55, na hapo utaelewa kwa nini ile diski ya nje bado ina kazi, maana kutoka kwenye diski unarudisha ndani ya masaa machache.

Programu za kutumia zipo nyingi. Kwa mtu wa kawaida Duplicati ina kurasa za kubonyeza tu. Asiyeogopa kuandika amri achukue restic au rclone. Kwa rclone nakusihi uelewe maneno mawili: `rclone copy` inaongeza kilichokosekana na haifuti kitu upande wa pili, ingawa faili lililobadilika inaliandika juu ya lile la zamani, na `rclone sync` inafanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, yaani kilichofutwa huku kinafutwa na kule. Ukikosea folda ya chanzo ikawa tupu, sync itamwaga bekapu yako yote. Weka `--dry-run` mwisho wa amri kwanza uone itafanya nini kabla haijafanya.

Mafaili ya siri, vitambulisho, mikataba, taarifa za afya, yaenkripti kabla hayajaondoka kwenye mashine yako. restic inaenkripti yenyewe, na kwa folda za kawaida kuna Cryptomator. Paswedi ya enkripsheni inaingia kwenye mpango wa hatua ya 2, iandike ikae pembeni na karatasi ya namba, bahasha tofauti, sababu ukiipoteza bekapu nzima ni makelele tu yasiyosomeka.

Na hakikisha wingu lako linatunza matoleo ya zamani ya faili. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai hela, kama WannaCry ya Mei 2017, vikiingia kwenye mashine mafaili yaliyoharibiwa yanasinki juu kama mabadiliko ya kawaida. Penye matoleo ya zamani unarudi nyuma. Kama hifadhi yako ina uwezo wa kufunga nakala zisifutike kwa siku kadhaa hata na mwenye akaunti, washa, hata kama ni siku 30.

Wenye tovuti, mnakili vitu viwili, mafaili na databesi (ghala la taarifa za tovuti), na databesi inatolewa kwa amri yake ya kudampu, yaani kuitoa yote kama faili, usikopi folda lake likiwa linafanya kazi. Bekapu ya hosti, kampuni inayokuwekea tovuti hewani, isiwe ya peke yake.

Hatua ya 6: Jaribu kurudisha

Tarehe 31 Januari 2017 fundi mmoja wa GitLab, huduma ya kutunzia kodi za programu, usiku, amechoka, alifuta folda la databesi kwenye seva isiyo sahihi. Alipostuka na kusimamisha, kati ya GB 300 zilikuwa zimebaki kama GB 4.5. Walikuwa na njia tano hivi za bekapu na ikaonekana hakuna iliyokuwa inafanya kazi ipasavyo. Dampu la kila siku lilikuwa linafeli kwa sababu ya toleo la programu lisiloendana, na imeili za kutoa taarifa kwamba linafeli zilikuwa zinakataliwa njiani, hivyo hakuna aliyejua. Walichookoka nacho ni nakala ambayo fundi aliichukua kwa mkono masaa 6 kabla kwa ajili ya majaribio mengine. Wao wenyewe ndo waliyaandika haya hadharani na nawaheshimu kwa hilo.

Kwa hiyo weka kwenye kalenda, kila miezi mitatu, nusu saa. Chagua mafaili matano bila kupanga, picha ya zamani sana, hati ya wiki iliyopita, video, kitu kikubwa, kitu kidogo. Yapakue kwenye mashine tofauti. Yafungue kabisa, usiridhike na kuona jina na ukubwa, video icheze mpaka mwisho. Zip ifungue. Andika imechukua muda gani na ulinganishe na ulichoandika hatua ya 1. Angalia tarehe ya bekapu ya mwisho kwa macho yako, ukimya wa programu usikupe amani. Mara moja kwa mwaka jaribu kubwa zaidi, rudisha folda zima.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Ikitokea, usianze kubonyeza. Kwanza simamisha kusinki kwenye vifaa vyote vilivyobaki, kata intaneti kama unahisi virusi, na usichomeke ile diski ya nje kwenye mashine yenye ugonjwa. Tafuta kifaa safi. Ingia kwenye imeili kuu kwa karatasi yako, badilisha paswedi, ondoa vifaa vyote usivyovijua na ile simu iliyopotea. Kama simu imeibiwa piga kwa kampuni ya laini waifunge na wakupe nyingine ya namba ileile, hilo fanya mapema sana kwa sababu anayeshika laini yako anapokea na ujumbe wako wa uthibitisho.

Afu rudisha kwa mpangilio wa karatasi ya hatua ya 1, imeili, paswedi, namba za watu, kazi, picha mwisho kabisa. Rudisha kwenye folda jipya, usirudishe juu ya la zamani, maana inawezekana bekapu ya jana ina kasoro na ndani ya yale mabaki kuna kitu kizima bado. Kama ni virusi chagua nakala ya kabla havijaingia, OneDrive kwa wenye Microsoft 365 inaweza kurudishwa yote ilivyokuwa siku yoyote ndani ya 30 zilizopita. Diski iliyokufa itunze kwanza, usiitupe mpaka umefungua kila kilichopo kwenye orodha yako.

Kitu cha mwisho siku hiyo, kabla hujalala, ingia kwenye setingi za usalama utoe namba mpya za dharura, kwa sababu ulizotumia zimekufa, na ukitoa seti mpya ya zamani inakufa yote. Printi, chana ile ya zamani, na mpigie yule ndugu anayekutunzia nakala umwambie aliyonayo haifanyi kazi tena, kesho unampelekea nyingine.